Sura ya Tano: Mke wa Majini

Tarehe 22 Oktoba 1958 kumbi za sinema nchini Japani zilianza kuonyesha Hakujaden, filamu ndefu ya kwanza ya katuni za rangi kutengenezwa nchini humo, na hadithi iliyochaguliwa kubeba kazi hiyo ya mwanzo haikuwa ya Kijapani, bali ya Kichina: kisa cha nyoka mweupe aliyejigeuza mwanamke, akampenda kijana wa kawaida, kisha akaandamwa na mtawa aliyeshikilia kwamba mapenzi ya namna hiyo yanavuruga mpango wa ulimwengu. Kampuni iliyoitengeneza, Toei Doga, ilikuwa imeanzishwa miaka miwili tu kabla ya hapo, na mkuu wake, Hiroshi Okawa, alikuwa na nia ya kuifanya iwe kwa Asia kile ambacho Disney ilikuwa kwa Marekani. Kwa hiyo anime, yaani katuni za Kijapani ambazo leo vijana wa mabara yote huzitazama kwenye simu zao, ilianza safari yake ndefu kwa kukopa kutoka katika hazina ya mapenzi ya kale ya China, na deni hilo halijawahi kulipwa likaisha.

Sura hii inafuatilia mkopo huo, lakini inausoma kutoka mahali ambapo wanaoandika kuhusu anime hawana mazoea ya kusimama, nako ni Kikula, mojawapo ya komini nne za mji wa Likasi katika jimbo la Haut-Katanga, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, zikiwa nyingine ni Likasi yenyewe, Shituru na Panda. (Filamu ya 1958 ilipopelekwa Marekani ilipewa kichwa kinachomtaja mnyama panda mbele ya nyoka, jambo ambalo wakazi wa komini ya Panda wanaweza kulichukua kama heshima wasiyoiomba.) Likasi, iliyoitwa Jadotville hadi mwaka 1966, ni mji uliozaliwa na shaba na kobalti, ukalelewa na kampuni za madini, Union Minière na baadaye Gécamines; hauna kumbukumbu ya wafalme wa China wala studio za Tokyo. Hata hivyo una kipimo chake cha kuipimia hadithi ya mke asiye binadamu, kwa kuwa Katanga nzima inamjua Mamba Muntu.

Mamba Muntu ni kiumbe wa majini, nusu mwanamke na nusu samaki au nyoka, ambaye wachoraji wa miji ya migodi walimchora kwa wingi katika miaka ya 1960 na 1970, aghalabu juu ya vitambaa vya magunia ya unga, wakawauzia wafanyakazi na makarani waliozitundika picha hizo saloni, mahali ambapo mgeni akishakaribishwa kiti hana budi kuziona. Umbo lake halibadiliki sana kutoka mchoraji mmoja hadi mwingine: ngozi nyeupe, nywele ndefu zilizomwagika mabegani, mkia wenye magamba, nyoka aliyejiviringisha karibu naye, na mara nyingi saa ya mkononi, ambayo chini ya maji haina kazi yoyote lakini katika mji unaoishi kwa zamu za kiwanda ilikuwa na maana iliyoeleweka bila kufafanuliwa. Johannes Fabian na Ilona Szombati-Fabian, waliochunguza sanaa hiyo katika miaka ya 1970, na mwanahistoria Bogumil Jewsiewicki baada yao, walionyesha kwamba picha hizo hazikununuliwa kwa ajili ya kupamba ukuta peke yake. Zilikuwa ukumbusho, yaani kitu kinachomlazimu anayetazama asimulie.

Na masimulizi yenyewe yana masharti makali. Mwanamume akimkuta Mamba Muntu kando ya maji na akafaulu kuchukua kitu chake, kichana kwa mfano au unywele, mwenye mali humjia ndotoni kukidai, na hapo ndipo mkataba unapofungwa: mwanamume atapata fedha, naye kwa upande wake atatunza siri na ataachana na wanawake wengine. Akivunja ahadi, utajiri huyeyuka, na wasimulizi wengine huongeza kwamba jamaa zake hupukutika mmoja baada ya mwingine. Yafaa kukumbuka pia kwamba sura hii inayoonekana kuwa ya Katanga kabisa ilisafiri kabla ya kufika, kwani wanahistoria wa sanaa wamebaini kuwa picha za viumbe wa majini katika sehemu kubwa ya Afrika zinadaiwa mengi na chapa moja ya rangi ya mwanamke anayecheza na nyoka, iliyochapishwa Hamburg, Ujerumani, katika miaka ya 1880 na kuchapishwa tena Bombay, India, mwaka 1955. Anayedhani kwamba ni hadithi za Kichina peke yake zilizovuka bahari na kubadilishiwa mavazi njiani ana jambo la kujifunza katika saloni za Kikula.

Mapenzi katika fasihi ya kale ya China yana historia ndefu mno kuweza kuelezwa hapa kikamilifu, lakini mkondo wake mkuu unaweza kuonyeshwa kwa kazi chache. Chini ya nasaba ya Tang, iliyotawala kuanzia mwaka 618 hadi 907, wasomi waliandika visa vifupi vilivyoitwa chuanqi, yaani masimulizi ya mambo ya ajabu, ambamo mapenzi yalichanganyika na mizimu, mbweha wanaojigeuza wanawake na ndoto zinazotimia. Mmoja wao, Yuan Zhen, aliandika kisa cha msichana aitwaye Yingying, aliyependwa kwa siri na mwanafunzi kisha akaachwa pale kijana alipokwenda mji mkuu kufanya mtihani wa dola, ule mtihani ulioamua nani atakuwa mtumishi wa serikali. Na kinachomshangaza msomaji wa leo ni kwamba mwanafunzi huyo anajitetea kwa kusema kuwa wanawake wazuri kupita kiasi huleta maafa. Karne kadhaa baadaye, katika enzi ya nasaba ya Yuan, mtunzi wa tamthilia Wang Shifu alikichukua kisa kilekile akageuza mwisho wake: mwanafunzi anafaulu mtihani, anarudi, anaoa. Kutokana na mfano huo ukakua utanzu mzima wa riwaya za msomi na mrembo, zinazoitwa caizi jiaren, zilizosomwa sana katika karne ya 17, ambamo kijana hodari wa mashairi na binti aliyesoma hutenganishwa na wazazi, fitina au vita, kisha matokeo ya mtihani huwaunganisha.

Hapo ndipo ilipo tabia ya mapokeo haya inayostahili kuzingatiwa kuliko majumba ya kifalme na mavazi ya hariri, ambayo ndiyo huwavutia watazamaji kwanza. Kisa cha mapenzi cha Kichina hakikumilikiwa na mtunzi mmoja. Kilikuwa shauri lililofunguliwa upya kila kizazi, na jambo lililobishaniwa kila lilipofunguliwa lilikuwa ni nani atakayelipa. Kwa Yuan Zhen alilipa msichana. Kwa Wang Shifu ulilipa mtihani. Katika Mudan ting, yaani Banda la Maua ya Peoni, tamthilia ya Tang Xianzu ya mwaka 1598, msichana Du Liniang hufa kwa kumtamani kijana aliyemwona ndotoni tu, kisha kijana huyo wa kweli anapoiona picha yake na kumpenda, analifukua kaburi na msichana anafufuka, kwa hiyo mapenzi yanalipwa kwa kifo lakini kifo chenyewe kinarejeshewa malipo. Hong lou meng, riwaya kubwa ya Cao Xueqin iliyochapishwa mwaka 1791, hairejeshi chochote: Lin Daiyu anafariki huku mpenzi wake akiozeshwa mwingine.

Hadithi ya nyoka mweupe ndiyo inayoonyesha mabishano hayo kwa uwazi zaidi, na ndiyo iliyo karibu zaidi na Katanga. Toleo lililojulikana sana liliandikwa na Feng Menglong na kuchapishwa mwaka 1624. Kijana Xu Xuan, anayefanya kazi katika duka la dawa mjini Hangzhou, anatoka siku ya kuzuru makaburi, mvua inamkuta kwenye Ziwa Magharibi, na ndani ya mtumbwi anakutana na mjane mwenye mavazi meupe pamoja na mtumishi wake. Anawaazima mwavuli, anapokwenda kuudai, mjane anamtajia ndoa na kumkabidhi fedha za kugharimia harusi. Fedha hizo zinatambuliwa na shemeji yake kuwa zimeibwa katika hazina ambayo mlango wake haukuguswa, na Xu Xuan, badala ya kuwa bwana harusi, anakuwa mshtakiwa, anahamishiwa mji mwingine. Mwanamke anamfuata huko, anampa nguo za fahari, nazo pia ni za wizi, na kijana anashtakiwa tena. Msomaji aliyekulia kwenye visa vya Mamba Muntu ataitambua mara moja fedha hiyo isiyo na jasho, inayoingia nyumbani usiku na kumfanya mwenye nyumba aogope kuulizwa ameitoa wapi. Tofauti ni kwamba serikali ya Feng Menglong inauliza, na ina karani wa kuandika majibu.

Mwishoni mwa toleo hilo mtawa Fahai anampa Xu Xuan bakuli la kuombea sadaka, na ni mume mwenyewe, wala si mtawa, anayemfunika mkewe kichwani kwa bakuli hilo na kulikandamiza mpaka mwanamke anarudi kuwa nyoka mdogo. Kisha mnara wa Leifeng unajengwa juu yake ili asitoke milele. Ukatili wa tendo hilo haukuwapendeza waliokuja baadaye. Katika karne ya 18 watunzi wa tamthilia, hasa Fang Chengpei katika toleo lake la mwaka 1771, walimgeuza nyoka kuwa mke mwaminifu ambaye, baada ya mumewe kufa kwa hofu ya kuliona umbo lake halisi, anakwenda kupigania mmea wa uhai ili amfufue, na ambaye mwanawe anakuja kufaulu mtihani wa dola na kumfungulia mama yake. Mtihani ule ule uliomtenga Yingying na mpenzi wake sasa unabomoa gereza. Na mnara wa kweli wa Leifeng ulipoporomoka mwezi Septemba 1924, mwandishi Lu Xun, ambaye ujanani alisomea udaktari nchini Japani, aliandika makala ya kushangilia, kana kwamba jirani yake amefunguliwa kutoka kifungoni.

Japani ilianza kukopa mapenzi haya zamani sana kabla ya kuwapo filamu. Kisa cha mchunga ng'ombe na mfuma nguo wa mbinguni, wapenzi wawili waliotenganishwa na mto wa nyota na kuruhusiwa kukutana usiku mmoja tu kwa mwaka, kilivuka bahari na kuwa sherehe ya Tanabata, ya siku ya saba ya mwezi wa saba, ambayo watu huandika haja zao kwenye vipande vya karatasi na kuvifunga kwenye matawi ya mianzi. Mtazamaji yeyote wa anime za shule amekutana nayo, hata kama hakujua asili yake. Shairi refu la Bai Juyi la mwaka 806, kuhusu mfalme Xuanzong aliyeshindwa kumwokoa mpenzi wake Yang Guifei wakati wa uasi, lilisomwa sana katika kasri ya Japani, na Murasaki Shikibu alilitumia waziwazi katika sura ya kwanza ya riwaya yake, Genji monogatari, mwanzoni mwa karne ya 11, ambamo mfalme anayeomboleza suria wake anautazama mchoro wa kisa hicho cha Kichina. Genji nayo iliingia katika anime kwa filamu ya mwaka 1987 na kwa mfululizo wa televisheni wa mwaka 2009. Nyoka mweupe kwa upande wake alipewa uraia wa Kijapani na Ueda Akinari katika mkusanyiko wake wa visa vya kutisha wa mwaka 1776, Ugetsu monogatari, ambamo anabaki kuwa hatari ya kuogopwa.

Basi watengenezaji wa Hakujaden walikuwa na matoleo mengi ya kuchagua, na uamuzi wao ndio unaoifanya filamu hiyo kuwa muhimu kuliko ubora wake wa kisanaa, ambao si mkubwa sana. Mwongozaji Taiji Yabushita na wenzake walianzia utotoni: mvulana Xu Xian ananunua nyoka mdogo mweupe sokoni, wakubwa wanamlazimisha amwache, na miaka inapita kabla ya nyoka kurudi kama binti wa kifalme, akifuatana na mtumishi ambaye asili yake ni samaki. Mashtaka ya wizi na kuhamishwa yamo, kwa hiyo fedha ya Feng Menglong haikusahauliwa. Lakini mwanamke huyu hafunikwi na bakuli. Kijana anapofariki, yeye mwenyewe anachagua kuacha nguvu zake zote za ajabu na kuwa binadamu wa kufa, ili apate ua litakalomrudishia uhai, na mtawa, akiona gharama hiyo, anatambua kwamba alikosea. Mwanamke ndiye anayelipa, kama kwa Yuan Zhen, ila safari hii bei ameitaja mwenyewe, na analipata alilolilipia.

Uamuzi huo ulikuwa na wafuasi. Mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, Hayao Miyazaki, aliitazama filamu hiyo akampenda shujaa wake wa kike kiasi cha kuamua njia ya maisha. Alijiunga na Toei mwaka 1963, na ingawa baadaye alikuja kuuona udhaifu wa filamu hiyo, alama zake ziko wazi katika kazi zake. Katika Ponyo, ya mwaka 2008, samaki wa kike anaacha uchawi wake ili awe binadamu kwa ajili ya mvulana aliyemwokota ufukoni, na ijapokuwa Miyazaki alikuwa pia na hadithi ya nguva ya mwandishi wa Denmark, Hans Christian Andersen, mpango wa kubadilishana nguvu kwa ubinadamu na bado kupata furaha uko karibu zaidi na Hakujaden kuliko na Andersen, ambaye nguva wake hampati mwana wa mfalme.

Jambo moja la kiufundi katika filamu hiyo lingemfurahisha mtu aliyezoea kutazama sinema katika vibanda vya video vya Afrika Mashariki na Kati. Wahusika wote wa Hakujaden, binadamu, wanyama na mizimu, walisemewa na waigizaji wawili tu, Hisaya Morishige na Mariko Miyagi, ambao pia walisimulia. Ni utaratibu ule ule ambao Lufufu nchini Tanzania na DJ Afro nchini Kenya waliufanya kuwa sanaa kamili, mtu mmoja akibeba sauti za jeshi zima, akitafsiri, akifafanua na kumsuta mhusika mjinga pale anapostahili. Wanaoudharau utaratibu huo kama njia ya watu wasio na vifaa wangefaa kukumbuka kwamba tasnia ya anime yenye fahari kubwa leo ilianza nao.

Na si vibaya kutaja, kwa kuwa sura hii imesimama Likasi, kwamba studio ya Toei ilifunguliwa miaka 11 baada ya bomu la Hiroshima, ambalo urani yake ilitoka kwa kiasi kikubwa katika mgodi wa Shinkolobwe, safari fupi kutoka Kikula. Historia ya uhusiano kati ya Katanga na Japani haikuanza na katuni.

Kuanzia miaka ya 1990 mkopo kutoka China ulibadilika sura: badala ya kuchukua kisa kizima, watunzi wa Japani walichukua mahali, yaani kasri lenye nyua za ndani, masuria, matowashi na mitihani, kisha wakaweka humo msichana mwenye fikra za leo. Fushigi Yûgi ya Yuu Watase, iliyoonyeshwa kuanzia mwaka 1995, inamwingiza mwanafunzi Miaka ndani ya kitabu cha kale chenye ulimwengu unaofanana na China, ambamo mashujaa saba wanaomlinda wamepewa majina ya makundi ya nyota ya falaki ya Kichina. Na wazo la mtu kuvutwa na mapenzi kupitia maandishi au picha haliko mbali na Du Liniang na mchoro wake. Saiunkoku monogatari, iliyorushwa na shirika la NHK kati ya mwaka 2006 na 2008, inachezea riwaya za msomi na mrembo kwa namna ya kijanja zaidi: mrembo ndiye anayefanya mtihani wa dola, wa kwanza miongoni mwa wanawake wa nchi hiyo ya kubuni, na mfalme ndiye anayebaki akimngoja.

Iliyopendwa kuliko zote katika kundi hili ni Kusuriya no hitorigoto, kutokana na riwaya za Natsu Hyūga, ambayo anime yake ilianza mwezi Oktoba 2023. Maomao, msichana aliyelelewa na mganga wa dawa katika mtaa wa makahaba, anatekwa na kuuzwa kuwa mtumishi katika nyua za masuria, na anagundua kwamba watoto wachanga wa mfalme hawafi kwa laana, kama inavyonong'onwa, bali kwa poda nyeupe ya uso yenye madini ya risasi, ambayo mama zao wanajipaka ili wapendeze. Hapo urembo, ambao ndio mtaji wa kila shujaa wa kike katika mapenzi ya kale, unageuka kuwa sumu inayoweza kupimwa, na wachache watalielewa hilo haraka kuliko watu wa mji wenye viwanda vya kuyeyushia madini, wanaojua kwamba vumbi lisilo na harufu linaweza kuingia mwilini na kukaa. Mapenzi yamo, kwani afisa mrembo Jinshi anamfuata Maomao sura baada ya sura, lakini Maomao anamtazama kama mgonjwa ambaye dalili zake bado hazijakamilika. Ni kichekesho kizuri, na pia ni hukumu: mtunzi ameyapenda mapokeo ya Kichina kiasi cha kuyajengea kasri zima, kisha ameweka ndani yake mtu asiyeyaamini.

Kwa wasikilizaji wa Kiswahili mapenzi ya Kichina yamefika hasa kwa mlango mwingine, nao ni tamthilia za televisheni zilizotiwa sauti. Mwaka 2011 televisheni ya taifa ya Tanzania, TBC, ilirusha Doudou na Mama Wakwe Zake, tamthilia ya kwanza ya Kichina kuzungumza Kiswahili, iliyopendwa kiasi cha kutajwa na Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam mwezi Machi 2013. Na StarTimes, kampuni ya Beijing inayouza televisheni ya kulipia katika nchi nyingi za Afrika, Kongo ikiwemo, iliendeleza kazi hiyo. Doudou haina wafalme wala nyoka. Ina mke kijana na mama wakwe wawili, jambo ambalo pengine lilimfaa mtazamaji wa Kiswahili zaidi ya hariri yoyote ya kale. Anime kwa upande wake imeingia Kongo hasa kwa Kifaransa, kwa kuwa Ufaransa ilianza kuinunua kwa wingi mapema, tangu roboti Goldorak alipoonyeshwa huko mwaka 1978. Hivyo kijana wa Kikula anaweza kuwa na mapenzi ya China kwa Kiswahili sanifu cha Dar es Salaam, mapenzi ya Japani kwa Kifaransa, na Mamba Muntu kwa Kiswahili cha nyumbani, bila mtu yeyote kumwambia kwamba ni ndugu.

Undugu huo unaonekana hata pale Mamba Muntu alipoanza kutoweka. Jewsiewicki ameeleza kwamba katika miaka ya 1980, makanisa ya uamsho yalipopata nguvu katika miji ya Kongo, wahubiri walimtangaza kiumbe huyo kuwa shetani, na picha zake zikaondolewa saloni. Kwa maneno mengine, Katanga ilipata Fahai wake akiwa amechelewa, baada ya ndoa kuwa imekwisha kuzoeleka, na kama ilivyokuwa kwa Xu Xuan, mkono ulioiteremsha picha ukutani ulikuwa wa mwenye nyumba mwenyewe.

Kule China nako shauri limefunguliwa tena, safari hii kwa katuni za Kichina zenyewe, ambazo zinajifunza waziwazi kutoka kwa anime iliyojifunza kutoka kwao. Mwaka 2019 studio ya Light Chaser ya Beijing ilitoa filamu ya nyoka mweupe inayosimulia maisha ya awali ya wapenzi hao, na badiliko lake kubwa ni kwamba kijana, akijua mpenzi wake si binadamu, anakwenda kwa mfanyabiashara wa kichawi na kuutoa ubinadamu wake ili naye awe kiumbe wa upande wa pili. Hilo linaweza kuonekana kuwa jambo jipya kabisa, kwa sababu kuanzia Yuan Zhen hadi Miyazaki anayevuka mpaka na kulipa gharama ni mwanamke. Katika visa vya Katanga, hata hivyo, ni mwanamume ndiye aliyekuwa akilipa tangu mwanzo: yeye ndiye anayeacha wanawake wengine, anayefunga mdomo, anayepoteza jamaa zake, huku mwanamke wa majini akibaki alivyo, na saa yake mkononi.